Koltani ya Rubaya: lebo ya gunia inathibitisha nini?

Baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wa Rubaya, katika eneo la Masisi, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwishoni mwa Aprili 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria mwaka huo kuwa tani 120 hivi za koltani, madini yanayotumika kwenye simu na kompyuta, zilikuwa zikitoka huko kila mwezi, na kundi hilo lilitoza dola 7 kwa kilo. Piga hesabu: zaidi ya dola 800,000 kwa mwezi. Wanaotaka madini hayo yasusiwe kabisa wana hoja nzito, hasa ukizingatia kuwa wakazi wamelazimishwa kufanya salongo, kazi isiyo na ujira, kupanua barabara ili malori yapite.

Lakini dawa hiyo ilishajaribiwa. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kinazitaka kampuni zieleze kama madini yao yanatoka Kongo. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji mdogo Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema hadi Machi 2011. Wanunuzi wakakimbia. Mchimbaji akakosa karo na pesa ya dawa. Wenye bunduki wakaegemea dhahabu, ambayo kilo nzima hujificha mfukoni.

Ndipo lebo zikashika nafasi. Kwenye mgodi uliopewa rangi ya kijani, yaani uliokaguliwa na kuruhusiwa kuuza, ofisa wa serikali hupima gunia, hulifunga lebo yenye namba na kuandika uzito daftarini. Likifika ghala la mfanyabiashara wa kati hupimwa tena na kufungwa lebo ya pili. Uzito ukipishana, kuna walakini.

Mfumo huu hulegea pale mwanzoni kabisa. Koltani iliyooshwa ni mchanga mweusi mzito, na kwa macho hujui umetoka shimo gani. Ofisa aliyekaa miezi bila mshahara huuza lebo, na mzigo wa mgodi mwekundu, yaani uliokatazwa, ukalala kwenye gunia la mgodi wa kijani. Mzigo mwingine huvushwa kwa magendo hadi Rwanda, ukachanganywa na wa huko. Ukishayeyushwa kiwandani, hakuna wa kuutenganisha.

Kwa maoni yetu lebo zibaki, ila mnunuzi asiishie kwenye namba. Aombe daftari la mgodi, aende ahesabu mashimo yanayofanya kazi na watu walio ndani yake. Mgodi wenye wachimbaji thelathini ukiandikisha mzigo wa watu mia tatu, huo ni mzigo wa kukataliwa hapohapo, hata kama lebo zake zote ni halali.