Panda Basi Namba 73

Kabla ya tovuti, mimi nilikuwa mtu kwenye ukoo wetu.

Nilimaliza kozi ya kompyuta ya miezi mitatu pale Mwanga, hapa Kigoma, cheti nikakitia kwenye fremu, mama akakitundika sebuleni juu ya picha ya harusi yake. Redio ikikoroma, naitwa mimi. Simu ikigoma, naitwa mimi. Hata jokofu la jirani lilipoacha kugandisha barafu nililetewa taarifa. Nikaenda, nikalitazama kwa muda mrefu nimekunja mikono, kisha nikasema, "Hii ni programu." Wakanipa soda.

Sasa bamdogo wangu anauza dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi. Si dagaa wa kupima kwa kibaba, ni wa magunia: mengine yanapanda treni kwenda Dar, mengine yanavuka maji kwenda Kongo na Burundi. Mwaka 2013 mteja wake mmoja wa Dar alimuuliza kwenye simu, "Mzee, tovuti yenu ni ipi?" Bamdogo hajawahi kumwambia mteja kwamba kitu hakipo. Akajibu, "Inatengenezwa." Akakata, akanipigia mimi.

"Eti kuna kitu kinaitwa tovuti. Kinatengenezwa?"

"Kinatengenezwa, bamdogo."

"Na nani?"

Mdomo ukanitangulia. "Na mimi."

Nilikuwa sijawahi kutengeneza tovuti hata ya kuchezea. Nikamtafuta rafiki yangu aliyekuwa anasoma Dar. Akanituliza: siku hizi huandiki kila kitu kwa mkono, kuna mifumo ya kusimamia maudhui. Unaupakia mfumo kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti, unausakinisha, halafu unajaza maneno na picha kama mtu anayejaza fomu. Akanitajia mitatu: WordPress, Drupal na Joomla. Ule wa tatu nikamwomba arudie.

"Joomla."

"Jumla? Ya jumla na rejareja?"

"Hiyohiyo."

Nilidhani ananitania, kumbe ni kweli tupu. Kulikuwa na mfumo unaoitwa Mambo. Mwaka 2005 mafundi wake wakagombana na waliokuwa wakilimiliki jina, wakahama na kazi yao, na walipotafuta jina jipya wakachukua neno letu la jumla, wakaliandika kwa tahajia ya kumsaidia Mzungu kulitamka. Kutoka Mambo hadi Jumla! Nilipomweleza bamdogo, alipiga paja. "Kumbe ni mtu wetu!" Akatoa hela bila kuomba punguzo, na huyu ni mtu anayepatana bei hata na muuza vocha.

Kazi nikaifanyia kafe moja ya intaneti Mwanga, kwa malipo ya nusu saa nusu saa. Joomla ni mafaili maelfu, madogo madogo kama dagaa wenyewe, na siku zile umeme wa mji wetu ulitoka kwenye majenereta tu. Mara mbili nilifika katikati ya kupakia, pu, giza. Mara ya tatu yakapanda yote. Nikaanza kusakinisha, nikajaza hatua moja baada ya nyingine, mpaka nikafika pale mfumo unapouliza: unataka kuwekewa data za mfano? Ikaongezwa kwamba inashauriwa sana kwa wanaoanza.

Nami nilikuwa naanza. Nikabonyeza.

Jamani, ilifunguka tovuti imejaa! Menyu zipo, picha zipo, makala zipo, duka lipo. Nilijiona kama mtu aliyenunua kiwanja akakuta nyumba, tena na masufuria jikoni. Ndani yake mlikuwa na tovuti mbili za mfano, moja ya hifadhi za Australia na nyingine ya duka la matunda, zote kwa Kiingereza. Nikajiambia, hapa kazi ni kubadilisha tu. Kama mtu mwenye cheti, nikaanza na kinachoonekana, yaani majina ya menyu. Hifadhi za Australia nikaziandika "Mazingira Yetu". Duka la matunda likawa "Duka Letu". Ukurasa wa kuelekeza njia ukawa "Jinsi ya Kutufikia". Wa mawasiliano ukawa "Wasiliana Nasi". Kwa nje tovuti ikawa ya Kiswahili safi. Vilivyomo ndani nikaviachia kesho.

Halafu nikaandika makala ya mwanzo kuhusu dagaa, na hii sitaki mtu anidharau, niliiandika vizuri. Nilieleza wanavyovuliwa usiku kwa taa, wanavyoanikwa mchangani na kwenye chanja, na kwamba Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Kina hicho hakiwahusu dagaa hata kidogo, maana chini kabisa kule maji hayana oksijeni na hakuna samaki anayeishi. Lakini namba kubwa hupendezesha tovuti.

Kesho yake umeme haukurudi. Keshokutwa yake ilikuwa uzinduzi.

Siku alikuwa ameichagua bamdogo mwenyewe, siku ya mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaijali taa ya mvuvi, kwa hiyo boti hulala ufukweni na watu wote wapo. Na watu wote walikuja. Mwenyekiti wa mwalo, wavuvi, kina mama wa kuanika, kijana mmoja anayepeleka watalii Gombe kwa boti kuwaona sokwe, shangazi kutoka Ujiji na kanga yake ya kutokea, na mwalimu mmoja mstaafu wa Kiingereza ambaye bamdogo alimwita makusudi, ili kama kuna Kiingereza kitafsiriwe. Kompyuta ya kuazima tukaiweka juu ya gunia. Modemu tukaifunga kwenye ufito, mtoto akaushika nje ya dirisha.

Ukurasa wa kwanza ukafunguka. Dagaa wanang'aa. Makofi! Shangazi akapiga kigelegele. Mwalimu akavaa miwani, akaanza na maandishi madogo chini ya kichwa cha makala.

"Imeandikwa na Super User. Yaani, Mtumiaji Mkuu."

Bamdogo akageuka. "Huyo ni nani kwenye biashara yangu?"

"Ni mimi, bamdogo. Mfumo ndio unaniita hivyo."

"Kwenye cheti pale sebuleni umeandikwa hivyo?"

"Hapana."

"Haya. Endelea, mwalimu."

"Hits, sitini na moja. Yaani imepigwa mara sitini na moja."

Nikawahi kusema kwamba maana yake imefunguliwa mara 61. Bamdogo akatabasamu mpaka jino la nyuma likaonekana. Wateja 61 kabla hata ya uzinduzi! Wote 61 nilikuwa mimi, najifungulia mwenyewe kafe kuona kama imependeza, lakini hilo sikuona haja ya kulisema.

Ningeifunga kompyuta pale. Lakini bamdogo alishashika kipanya. Akabonyeza "Mazingira Yetu".

Modemu ikavuta, ikavuta, na polepole, kuanzia masikioni kushuka chini, akatokea mnyama wa kijivu, ana pua kama kiatu cha ngozi, amekumbatia tawi, anatutazama.

Pakawa kimya. Mawimbi ya ziwa yakasikika.

"Huyu ndiye sokwe?" akauliza mwenyekiti.

Kijana wa Gombe akaudhika kweli. "Sokwe gani wa masikio ya manyoya? Mimi wale nawajua mmoja mmoja."

"Ni koala," mwalimu akasoma. "Mnyama wa Australia. Chakula chake ni majani ya mikaratusi."

"Na hapa kwetu anafanya nini?" akauliza bamdogo, akinitazama mimi, si mwalimu.

Nikasema ni pambo. Sijui neno lilitoka wapi. Bamdogo akageuka bila kujibu, akabonyeza "Duka Letu", nadhani akitaka kuona gunia hata moja la dagaa ili moyo urudi mahali pake. Mwalimu, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuruka mstari, akasoma kwa sauti ya darasani: "Tunalima matikiti maji matamu kuliko yote duniani." Wavuvi wakaanza kukohoa. Akashuka chini kidogo. "Pia tunalima machungwa bora kuliko yote duniani, pamoja na malimao. Familia yetu imelitunza shamba hili kwa vizazi vingi."

"Shamba?"

Hiyo ilikuwa sauti ya shangazi. Alikuwa ameshasimama.

"Hakuna shamba, dada," bamdogo akasema.

"Mwalimu, rudia hapo."

Mwalimu akarudia. Akaongeza msisitizo kwenye "vizazi vingi".

"Vizazi vingi! Baba amefariki tumegawana sufuria na baiskeli, kumbe kuna shamba la michungwa! Na sisi watoto wa kike hatukuambiwa!"

"Wallahi hakuna shamba!"

"Umeliandika dunia nzima isome, halafu mimi ndugu yako wa tumbo moja unanikana hapa?"

"Sikuandika mimi! Kaandika huyu… huyu Mtumiaji Mkuu!"

Shangazi akanigeukia, sauti ikalainika ghafla, ile sauti ya kumtoa mtoto mafichoni. "Mwanangu, wewe ni msomi. Sema kweli tu. Liko wapi?"

Nikaanza kueleza data za mfano. Jaribu wewe kumweleza shangazi yako data za mfano, mbele ya watu arobaini, wakati tayari anahesabu miti. Nilisema ni maneno ya kuigiza yanayowekwa ili mtu aone tovuti itakavyokuwa. Akaniuliza, "Kwa hiyo shamba litakuwepo baadaye?" Mwenyekiti akadakia kwamba jambo rahisi, twende kwenye "Jinsi ya Kutufikia", kama shamba lipo njia yake itaandikwa. Shangazi akasema huyo ndiye kiongozi.

Mwalimu akasoma: "Panda basi namba 73 mpaka kituo cha mwisho. Tupo kona ya kaskazini-mashariki."

Sasa Kigoma ni mwisho wa reli, hilo kila mtu anajua, na haisi zetu hazina namba, zimeandikwa Mwanga na Ujiji tu. Lakini watu walishaingia kazini. Mmoja akasema kituo cha mwisho ni ziwani, kwa hiyo shamba lingekuwa majini. Mwingine akanyoosha mkono kaskazini-mashariki, akasema huko ni Mwandiga, na Mwandiga ardhi inakubali. Shangazi akamwuliza nauli ya Mwandiga.

"Tupige simu tumalize," akasema mwenyekiti. Tukafungua "Wasiliana Nasi". Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Jina: Weka Jina Hapa. Simu…" akasita kidogo. "Simu: Simu. Faksi: Faksi."

Mtoto wa ufito ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka modemu ikadondoka mchangani na mtandao ukakatika, na nikimkumbuka leo bado namwombea heri. Watu wakatawanyika wakishikana mabega. Bamdogo alikaa pale juu ya gunia lingine, kimya, mpaka kompyuta ikazima yenyewe kwa kuishiwa chaji. Kisha akasema taratibu:

"Na hii ni programu?"

Siku mbili baadaye umeme ulitulia. Nikaingia kafe, nikafuta koala, nikafuta matikiti, nikafuta basi namba 73 na kona yake. Nusu saa moja tu, na chenji ilibaki. Kazi ambayo ningeifanya mapema nisingekuwa na haya ya kusimulia. Tovuti ikabaki na dagaa peke yao, na namba ya bamdogo ambayo ni namba kweli. Nikatembea mpaka Kibirizi kumpa habari njema, moyo mwepesi.

Nikamkuta amesimama mbele ya boti yake mpya.

Kumbe wiki ile ya uzinduzi, kabla mambo hayajaharibika, alikuwa amemwita mchoraji wa mabango akamwambia, ingia kwenye tovuti yangu kwa simu yako, chochote kizuri utakachokiona humo kipake kwenye boti, na jina la mwenye mali usilisahau. Mchoraji ni fundi, na malipo alishapokea. Aliingia. Kwenye omo ya boti, kwa rangi ya mafuta, koala alikuwa amekumbatia tawi, pua nyeusi ti, macho makubwa kuliko ya kwenye picha. Na ubavuni, kwa herufi nyekundu za kusomeka toka Bangwe: SUPER USER.

"Ya kwenye kompyuta umefuta?" akaniuliza.

"Nimefuta yote, bamdogo."

"Haya. Na hii?"

Rangi ya mafuta ni ghali, na giza la mwezi lilikuwa limekaribia, boti lazima itoke. Ikatoka hivyohivyo. Usiku wa kwanza ikarudi imejaa mpaka maji yanalamba ukingo, na wavuvi ni watu wa imani zao: tangu siku hiyo hakuna anayeruhusiwa kumgusa yule mnyama hata kwa kitambaa. Ukifika Kibirizi alfajiri utawasikia wachukuzi wakikimbilia majini, "Supa Yuza imeingia! Supa Yuza!"

Shangazi naye huja, kila mwezi ukiwa giza, kutoka Ujiji na kikapu chake. Husubiri boti ifungwe kamba, gunia la mwisho lishushwe, ndipo anapomsogelea bamdogo.

"Dagaa nimewaona," humwambia. "Machungwa je?"