Yaliyompata Pan Jinlian kabla ya sumu

Kuna makala ambayo mwandishi wake anatushauri tusome riwaya za kale za China bila kuzipima kwa mizani ya leo. Nakubaliana naye kwa kiasi, lakini katika Shuihu Zhuan, riwaya ya kale kuhusu kundi la waasi, ambamo kati ya mashujaa 108 wanawake ni watatu tu, maandishi yenyewe yanatulazimisha kuuliza wanawake wanatendewaje. Pan Jinlian, anayekumbukwa kama mke aliyemuua mumewe kwa sumu, alikuwa kijakazi aliyemkataa bwana wake na kumshtaki kwa mkewe, na bwana huyo, kwa kisasi, akamwoza bure kwa Wu Dalang, mchuuzi wa mikate. Hayo yanaelezwa kwa sentensi chache, kisha yanasahauliwa hadi Wu Song, mdogo wake Wu Dalang, anapomkata kichwa. Linaloniumiza zaidi ni la Hu Sanniang, mmoja wa wanawake hao watatu, mpiganaji hodari ambaye jamaa zake wanachinjwa na Li Kui, mmoja wa waasi, halafu Song Jiang, kiongozi wao, anamwoza kwa Wang Ying, mwanamume ambaye Hu Sanniang mwenyewe alikuwa amemteka vitani, na riwaya haimpi hata neno moja la kuwaombolezea wafu wake. Naipenda riwaya hii kwa dhati, na ndiyo maana siwezi kuupita ukimya huo kana kwamba sikuuona.