Mkwe Wangu Alipopiga Hodi

Miimo ya mlango wangu wa mbele ilikuwa imebaki rangi tu. Mie sikulijua hilo, na mkwe wangu naye hakulijua, ndiyo maana alipofika kutoka Pemba akapiga hodi kama kawaida yake, kwa kiganja kizima.

Lakini ngoja nirudi nyuma kidogo nijitetee, maana nyumbani kwangu nafasi hiyo sipewi.

Tunakaa Fuoni, nyumba ya vyumba vitatu. Masika yale, jioni moja mvua ilipokatika, kumbikumbi walitoka ardhini wakajaa kwenye taa ya barazani hadi taa yenyewe haionekani. Watoto wakashangilia. Asubuhi nikafagia mbawa, nikasahau. Baada ya wiki chache mke wangu akaniita chumba cha nyuma.

"Baba watoto, hebu njoo. Tumechorewa ramani."

Ukutani palikuwa na kijia cha udongo, chembamba kama penseli. Kimetoka kwenye ufa wa sakafu, kimepanda, kikaizunguka swichi ya umeme kwa adabu, kikaingia nyuma ya kabati. Nikakikwaruza kwa ukucha. Mchwa wamo, weupe, laini kama mchele uliorowekwa, wanapishana. Hawa watumwao kazi hawana macho, yakhe, lakini wanajua waendako kuliko mie.

"Mwite fundi wa dawa," mke wangu akasema. "Na zile mbao zako uzitoe."

Mbao zangu zilikuwa mbao za kupigia zege, nimeziegemeza ukuta wa nyuma tangu tulipojenga. Kila akiniuliza namwambia zitafaa. Juu yake nimepanga maboksi matupu ya vigae, na bomba la kufulia linadondokea papo hapo usiku na mchana. Nikamwambia mbao hazina kosa, adui yuko ndani. Na fundi wa nini? Mdudu mwenyewe hata punje ya mchele hafiki.

Nikaanza na ufagio. Nafagia usiku, asubuhi kijia kimejengwa upya, na safari hii kimenyooka zaidi. Nikatia chumvi. Nikatia majivu. Wakapita pembeni. Nikaenda duka la dawa nikanunua bomba la sindano, nikawa nawadunga mafuta ya taa kwenye kila tundu kama daktari wa chanjo. Siku mbili mke wangu alikataa kuwasha jiko, tukala mikate na chai ya kununua. Lakini vijia chumba cha nyuma vikakauka! Nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Walipojitokeza tena, sebuleni safari hii, mtu akaniambia mwarobaini. Mti unaosifiwa kwa maradhi arubaini, nikaona mchwa atakuwa la arubaini na moja. Nikachuma majani, nikayachemsha kwenye sufuria la kwanza nililoliona, nikanyunyiza kuta zote, nikalisuuza sufuria kwa maji matupu nikalirudisha. Nani angejua kwamba ndilo la pilau ya Ijumaa? Jirani yetu, tuliyemwalika, alitia tonge la kwanza, akatafuna, akatafuna tena, akanitazama.

"Mashaallah," akasema. "Mmetia nini humu?"

Sikujibu. Mke wangu ndiye aliyejibu, lakini hakumjibu jirani.

Ndipo tukapata habari mama wa mke wangu anakuja. Nami nilikwishaona michirizi ya udongo kwenye miimo ya mlango wa mbele. Usiku nikaenda gereji Mwanakwerekwe nikapewa dumu la oili chafu. Nikaipaka miimo yote kwa brashi, tabaka tatu. Ikang'aa nyeusi. Nikajiambia mgeni atadhani ni mtiki.

Siku ya siku nimevaa kanzu nyeupe, nimesimama nyuma ya mlango natengeneza kofia. Nikasikia gari imesimama. Nikasikia harufu ya pweza mkavu, nikajua ndiye.

"Hodi humu!"

Pigo la kwanza halikulia ko-ko-ko. Lililia kama mtu aliyepiga godoro. Pigo la pili, mwimo wa kushoto ukatoa vumbi, ukaachana na ukuta. Halafu mlango wenyewe ukanijia taratibu, na bawaba zake zote tatu, na komeo bado limefungwa. Nikaupokea kwa mikono miwili kama mgeni aliyetoka Hija. Ukanilaza chini.

Nilipochungulia, mkwe wangu amesimama kizingitini, mkungu wa ndizi begani, kiganja bado kiko hewani.

"Shikamoo mama," nikasema kutoka chini ya mlango.

"Marahaba." Akatazama pale ulipokuwa mlango. "Siku hizi ndivyo mnavyofungua?"

Kanzu ilikuwa na mstari mweusi kutoka bega hadi goti. Haujatoka mpaka leo.

Maji ya kunywa hakuyataka. Aliokota kipande cha mwimo, akakibonyeza kwa dole gumba, kikasagika kama biskuti.

"Seremala alikwambia mti gani?"

"Mninga."

"Hii paina, mwanangu. Wewe umenunua rangi ya mninga."

Akaomba kijiko. Akaizunguka nyumba nzima anagonga kila penye mti, anasikiliza, mie nyuma yake kama mwanafunzi. Huyu mama ana mikarafuu, na mchwa anawajua tangu utoto, maana miche michanga ndiyo halua yao. Alipofika nyuma ya nyumba hakugonga tena. Aliinua ubao wa chini kabisa. Ulikuwa umelowa, na chini yake njia ya udongo pana kama vidole viwili inaingia moja kwa moja kwenye msingi.

"Umewafungulia hoteli," akasema, "maji ya bure, chakula cha bure, halafu unawavizia sebuleni na sindano."

Mke wangu alikuwa dirishani. Hakusema neno. Bora angesema.

Fundi wa dawa alikuja kesho yake, akatoboa kuzunguka msingi, tundu kila baada ya futi moja, akamimina dawa yenye fipronili. Akanieleza kwa upole kwamba malkia yuko chini ya ardhi anataga mayai maelfu kwa siku. Wale niliokuwa nikiwadunga ni waliotumwa sokoni tu. Mafuta ya taa yanawafukuza, kwa hiyo nimewahamisha mwenyewe kutoka chumba cha nyuma hadi mlangoni. Dawa hii hawaisikii. Wanapita ndani yake, wanarudi kwao, wanalishana mdomo kwa mdomo, na ndiko wanakofia.

Mkwe wangu alilala kwetu siku mbili bila mlango. Palitundikwa kanga, na aliichagua mwenyewe kabatini: *Mgeni njoo mwenyeji apone*.

Bomba nikalitengeneza. Mbao sikuzichoma, roho iliniuma. Jirani wa pilau aliziomba ajengee banda la kuku, akaziegemeza ukutani kwake, akanishukuru sana.

Juzi kaja, kasimama barazani, anajikuna shingo.

"Jirani, ile oili yako haikubakia kidogo?"

Nikampa dumu. Nikampa na bomba la sindano.