Damu Isiwe Ada ya Uraia

Kila inapofika Jumatatu ya mwisho ya mwezi Mei, Wamarekani wanapowakumbuka askari wao waliokufa vitani, hakosekani mheshimiwa wa kupanda jukwaani na kutangaza kwamba familia fulani ya wahamiaji imestahili kuhesabiwa ya Kimarekani kwa sababu ilitoa wanawe. Makofi hupigwa, nami hukereka. Bila shaka msemaji hukusudia kusifu, lakini sifa hiyo imebeba bei ndani yake, na bei yenyewe ni mtoto wa mtu.

Chukueni familia ya Masuda, wakulima wa asili ya Japani waliokuwa wakiishi California. Baada ya Rais Roosevelt kutia saini amri nambari 9066 mwezi Februari 1942, Marekani ikiwa vitani na Japani, watu wapatao 120,000 wa asili hiyo, thuluthi mbili yao wakiwa raia waliozaliwa Marekani, waliondolewa makwao na kufungiwa katika kambi zenye seng'enge na minara ya walinzi. Akina Masuda nao walifungwa, ilhali wana wanne wa nyumba hiyo walivaa sare za jeshi la nchi ileile. Mmoja wao, Kazuo, aliuawa Italia mwezi Agosti 1944 akiwa katika Kikosi cha 442, kilichoundwa kwa vijana wa asili ya Kijapani. Dada yake, Mary, aliporejea nyumbani mwaka 1945, wanaume walimwendea usiku kumtisha ili familia isirudi. Mashujaa kwelikweli, kundi zima dhidi ya mwanamke mmoja aliyefiwa na kaka. Desemba mwaka huohuo Jenerali Stilwell wa jeshi la Marekani alifika barazani kwao na kukabidhi nishani ya marehemu, na mtu angedhani kwamba shauri limekwisha. Mwaka 1948, mwili wa Kazuo uliporudishwa kutoka Ulaya, wenye makaburi walianza kwa kuinyima familia sehemu nzuri, kwa kuwa ilitengewa Wazungu, wakalegeza msimamo baada tu ya kelele kupigwa.

Basi mheshimiwa atueleze: ikiwa kifo cha mtoto ndiyo bei, familia hii ilibakiza deni gani? Mama aliyezaliwa Japani hakuruhusiwa hata kuomba uraia hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1952, awe amezika mwana au hajazika.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba ushujaa wa vijana wale uliwafumbua wengi macho, na kwamba wengi wao walijitolea kwa hiari yao. Oktoba 1944, katika milima ya Vosges nchini Ufaransa, Kikosi cha 442 kiliwaokoa askari 211 wa kikosi cha Texas waliozingirwa, na katika kufanya hivyo mamia ya askari wake wakauawa au kujeruhiwa. Fahari hiyo ni yao, wala siwanyang'anyi. Lakini mbona jukwaani hatajwi hata mmoja wa vijana waliofungwa Heart Mountain, Wyoming, mojawapo ya kambi zile, waliosema kwamba wataitika wito wa jeshi pindi haki zao na za familia zao zitakaporejeshwa? Vijana 63 walihukumiwa kwa pamoja mwaka 1944, kila mmoja kifungo cha miaka mitatu. Rais Truman aliwasamehe mwaka 1947, kana kwamba wao ndio waliokosa. Kwangu mimi, aliyekufa Italia na aliyekwenda jela walidai kitu kilekile, ila huyu wa pili alikataa kununua kilichokuwa chake tangu kuzaliwa.

Wala mambo haya hayakuishia zama zile. José Antonio Gutiérrez, yatima kutoka Guatemala, alikuwa miongoni mwa askari wa kwanza wa Marekani kuuawa Iraki, tarehe 21 Machi 2003, na uraia akapewa akiwa marehemu. Sijui walitarajia autumie wapi.

Fidia ya waliofungwa kambini nayo ilikuja kwa mwendo huohuo wa kuchelewa. Tarehe 10 Agosti 1988 Rais Reagan, ambaye mwaka 1945 alihudhuria hafla ile ya nishani ya Kazuo, alitia saini sheria ya kuomba radhi, na kila aliyefungwa akaahidiwa dola 20,000, mradi awe hai siku hiyo. Wazazi wengi wa askari wale walikuwa wamekwisha kufa.