Pesa za serikali na biashara ya kinyozi: zafaa au zazungusha tu?

Tangu hii NYOTA, mpango wa serikali wa kuwainua vijana, ianze kutoa shilingi 50,000 kwa vijana wa miaka 18 hadi 29, hapa Mombasa hamna maskani utakaa usisikie ubishi wake. Kuna wanaosema mwishowe serikali imekumbuka vijana, na kuna wanaosema hizo ni pesa za kura za 2027, tena zatoka Benki ya Dunia kwa hivyo tutalipa sisi sisi. Wote wana lao. Lakini ubishi wenyewe umekwama kwa pesa ni ngapi na wamepewa nani, hakuna anayeuliza kama pesa za aina hii zamfaa mtu wa huduma, yaani kinyozi, msusi, fundi simu, dobi, mpishi wa kukodiwa.

Maana hawa si sawa na muuza mitumba wa Kongowea. Yule anunua belo leo, kesho ashaanza kuuza, pesa yake yazunguka. Kinyozi pesa zake zote zimelala kwenye kiti, kioo, mashine, dipoziti ya chumba na tokeni za stima, halafu akae asubiri watu waizoee mikono yake, na watu hawahami kinyozi wao hivi hivi tu.

Sasa chukua Hustler Fund, mfuko wa serikali wa mikopo midogo. Ilizinduliwa Novemba 30, 2022, mkopo wa 500 hadi 50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka, na kulipa ni ndani ya siku 14. Kusema haki, ina uzuri wake. Waipata kwa simu, huulizwi logbuku wala mdhamini, na ukipiga hesabu, 10,000 kwa siku 14 riba yake ni kama shilingi 31 hivi, shailoki gani wa mtaani atakupa hiyo? Msusi ambaye tayari ana wateja wake na Idi yaja, anataka rasta za kutosha, hiyo ni dawa kabisa, akopa asuka alipa. Lakini kufungua saluni nayo? Siku 14 hata rangi ya ukutani haijaacha kunuka. Na wengi walianzishiwa na 500 au 1,000, hiyo hata makasi mazuri hayanunuliki. Kwa hivyo wanaoilaumu kwamba haianzishi biashara wasema kweli, na wanaoisifia kwamba yaokoa biashara iliyosimama pia wasema kweli, wanabishana juu ya vitu viwili tofauti.

Kisha kuna hili la riba, ambalo watu wa Nairobi wakipanga haya mambo naona huwa hawalipi uzito. Hapa Waislamu ni wengi, na kuna mtu hatagusa asilimia 8 hata iwe ni shilingi moja. Kwake Uwezo Fund, mfuko mwingine wa serikali, iko karibu zaidi, ile ya 2013, haina riba, ni ada ya asilimia 3 ya kuendesha shughuli. Shida ni kwamba yataka kikundi kilichosajiliwa. Kwa kina mama wanaokodisha tenti, viti na masufuria ya harusi, au wale wanaopika biriani za shughuli, kikundi ni sawa kabisa kwa sababu kazi yenyewe ni ya watu wengi, mmoja hawezi kubeba. Lakini fundi simu anayekaa peke yake na kidude chake cha kuchomelea nyaya, hao wenzake tisa atawapeleka wapi? Ndio mwaona vikundi vingine ni vya karatasi tu, pesa ikitoka yagawanywa kila mtu aenda zake, na wakati wa kulipa simu hazishikwi.

NYOTA angalau hizi za kuanzia biashara hazirudishwi na huhitaji kikundi, pia kuna mafunzo na mpango wa kumpa cheti yule aliyejifunza kazi mtaani bila kupitia chuo. Hicho cheti mimi nakiona kikubwa kuliko watu wanavyokichukulia. Ila huo umri wanishinda kidogo. Mama wa miaka 35 wa Likoni aliyesukia watu barazani miaka yote, mikono yake yajulikana, yeye yuko nje, na kijana aliyeamua juzi kuwa kinyozi yuko ndani.

Halafu ukishafungua, kaunti nayo yaja na leseni, cheti cha afya na vinginevyo, Nairobi yakupa huku na kanjo, yaani askari wa kaunti, achukua kule. Ni rahisi kusema waondoe hizo ada, lakini leseni za biashara ni kazi ya kaunti kikatiba na kaunti isipokusanya chake taa za barabarani zitawashwa na nani? Ingetosha mtu aachwe apumue mwaka wa kwanza.

Lakini mimi kinachonisumbua zaidi ni wateja. Ukiwapa vijana wa mtaa mmoja kule Mishomoroni pesa wafungue vinyozi, vichwa vya kunyolewa havijaongezeka, wanagawana walewale. Na baada ya Pasaka mahoteli ya Bamburi na Shanzu yakipoa, kila mtu anayeishi kwa mshahara wa hoteli abana mfuko, kinyozi na dobi wahisi mwanzo.

Kwa hivyo naona msaada wa maana ni serikali iwe mteja. Na sheria ipo, asilimia 30 ya tenda zimetengewa vijana, wanawake na walemavu, na kufagia ofisi, kupika chakula cha mikutano, kutengeneza viti vya shule, zote ni huduma ambazo mtu mdogo aziweza. Tatizo ni malipo. Kaunti na wizara zinakaa na madeni ya watu miaka, na huyu wa 50,000 hawezi kungoja hata miezi miwili, atakopa kwingine alipe wafanyikazi na biashara ife ikiwa na tenda mkononi. Mimi ningeambiwa nichague kati ya kuanzisha mfuko mwingine mpya na kulipa watu wadogo ndani ya mwezi mmoja, ningechagua hilo la pili bila kufikiria. Na kama pesa za kulipa hazipo basi hiyo tenda isitangazwe, heri kijana aoshe tuktuk pale Mwembe Tayari alipwe papo hapo.