Patogramu Iliyojazwa Mtoto Akishazaliwa

Kila aliyefanya kazi leba, wodi ya kujifungulia, ameiona patogramu ya namna hii, yaani chati ya kufuatilia uchungu wa kuzaa. Nukta zimejipanga, kalamu ni ileile mwanzo hadi mwisho, mapigo ya moyo wa mtoto ni 140 kila nusu saa, na njia imefunguka sentimita moja kila saa bila kukosea. Uchungu wa kweli hauendi hivyo. Karatasi hiyo imechorwa mtoto akiwa keshafungwa kanga, kwa sababu asubuhi faili litakaguliwa.

Wakaguzi husema wauguzi ni wavivu wa kuandika. Sikubali. Hesabu tu mama mmoja aliyekuja kujifungua. Jina lake linaandikwa kwenye kitabu cha kupokelea, kwenye faili, kwenye patogramu, kwenye kadi namba 4 ya kliniki, kwenye kitabu cha MTUHA (mfumo wa takwimu za huduma za afya) namba 12, baada ya kujifungua kwenye namba 13, kwenye kadi ya mtoto, kwenye tangazo la kizazi, halafu kwenye kitabu cha ripoti ya zamu. Mara tisa, kwa mkono, na mara nyingi mkono wa mkunga mmoja ambaye usiku huohuo ana mama wengine watatu kitandani. Lazima kitu kiachwe. Kinaachwa kile ambacho hakuna atakayekiulizia mwisho wa mwezi, yaani vipimo vya kila nusu saa.

Vitabu vya MTUHA vina mwenyewe. Hujumlishwa, takwimu huenda wilayani, huingizwa DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, na safu ikiwa tupu simu inapigwa. Chati ya kitandani ikiwa tupu hakuna anayepiga simu, mpaka siku mama au mtoto amefariki, kikao kimeitwa na faili limefunguliwa mezani. Muuguzi aliyezoea kuona faili likisomwa siku ya msiba tu hujifunza kuandika kwa kujikinga: "Hali ya mgonjwa nzuri, dawa zimetolewa, uangalizi unaendelea." Maneno hayo hayamtii mtu hatiani, lakini anayepokea zamu hapati chochote humo. Linganisha na haya: "22:00, kichwa kinauma sana, presha 160/110, mapigo 98. Daktari wa zamu amepigiwa 22:10, ameagiza haidralazini, imetolewa 22:20." Ni mistari miwili tu, na anayeingia zamu anajua pa kuanzia.

Patogramu yenyewe inanitia uchungu zaidi kwa sababu ya ilikotoka. Mistari yake miwili inayoonyesha uchungu unachelewa, wa tahadhari na wa kuchukua hatua, ilibuniwa na watafiti Philpott na Castle huko Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na kazi yao ikachapishwa mwaka 1972. Walitaka mkunga wa kituo cha pembezoni ajue mapema ni mama yupi wa kupelekwa hospitali kubwa. Ndiyo maana kati ya mistari hiyo kuna nafasi ya saa 4: ni muda wa kutafuta gari, kumsafirisha na kumpokea. Ukijaza baada ya kuzaa, umeutupa muda wote huo. Mwongozo mpya wa WHO (Shirika la Afya Duniani) wa 2020, ulioletwa badala ya patogramu, umeondoa mistari hiyo, unahesabu uchungu mkali kuanzia sentimita 5, una kikomo cha muda kwa kila sentimita, na unamtaka mkunga aandike tathmini na mpango wake. Ni karatasi bora kwa maoni yangu, ila nayo itajazwa asubuhi ikiwa mkunga atabaki peke yake na vitabu vyote vile.

Nenda wodi ya watu wazima ukaangalie safu ya kupumua. Wagonjwa wote wameandikiwa 20. Kuhesabu pumzi sawasawa kunataka dakika nzima. Wagonjwa 40 ni dakika 40 kabla hujagusa mkono wa mtu kutafuta mapigo, na mashine ya presha ni moja wodi nzima. Basi 20 inaandikwa kwa kila mtu, na pumzi, ambayo mara nyingi ndiyo hubadilika mapema mgonjwa anapoanza kuzidiwa, hakuna anayeiona.

Lakini kuna mahali wauguzi huandika bila kusukumwa, na hapo ndipo ukweli wa jambo hili ulipo. Mama mwenye kifafa cha mimba akishapewa dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, huendelea kuchomwa gramu 5 kwenye msuli kila baada ya saa 4, tako hili halafu lile. Kabla ya kila dozi muuguzi anaangalia mambo matatu: anapumua si chini ya mara 16 kwa dakika, goti linaruka likigongwa, na mkojo haukuwa chini ya mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Kalsiamu glukoneti gramu 1, ya kuzimua magnesiamu, inakaa karibu, pumzi zisije zikakata. Chati isipoonyesha dozi ya mwisho ilikuwa saa ngapi na tako lipi, anayepokea zamu amebaki na njia mbili mbaya: arudie na mama aache kupumua, au asubiri na degedege lirudi. Ndiyo maana chati hiyo hujazwa hata usiku wenye watu wengi. Muuguzi anaiona kazi yake.

Chati ya maji yanayoingia na kutoka mwilini, kinyume chake, hufa mikononi mwa ndugu. Ndugu anayemhudumia mgonjwa anamwaga mkojo kwa nia njema, halafu chati inaandikwa "mkojo x3". Mara tatu za kiasi gani? Jagi moja lenye alama za mililita chini ya kitanda, na maneno mawili kwa ndugu siku ya kulazwa kwamba asimwage kabla ya kupima, yanatosha kuiokoa.

Halafu kuna suala la saa, ambalo ni letu wenyewe. Muuguzi akiandika dawa imetolewa "saa 2", mmoja atasoma saa mbili asubuhi, mwingine saa mbili usiku, na aliyezoea saa za Kizungu atasoma saa nane usiku. Kwa artesuneti, sindano ya malaria kali inayotolewa mwanzo, kisha baada ya saa 12 na saa 24, kosa hilo linasogeza dozi nzima. Kwenye chati iandikwe 08:00 au 20:00, hata kama mdomoni tunasema saa mbili. Na ukikosea, piga mstari mmoja, weka sahihi, andika upya pembeni. Wino mweupe wa kufutia hauna kazi kwenye faili la mgonjwa.

Kompyuta zinakuja, na nazipokea kwa mikono miwili, mradi kitabu cha karatasi kiondoke siku mfumo unapoingia. Vikikaa vyote viwili, kompyuta imekuwa mahali pa kumi pa kuandika jina lilelile. Kabla ya hapo, zipeni kila wodi mbili karani mmoja wa takwimu abebe vitabu vya MTUHA. Msimamizi wa usiku naye akipita saa nane asiulize idadi ya waliolazwa; aombe chati ya mgonjwa aliye mahututi, aisome, aweke sahihi.

Na makabidhiano ya zamu yafanyike kitandani, chati mkononi, si mezani juu ya kitabu cha ripoti. Wanaokabidhiana wasome pamoja dawa, maji na vipimo vya mwisho kwa sauti ya chini, waangalie dripu na mfuko wa mkojo. Mgonjwa mwenyewe anasikia, na akiwa na nguvu atasema kwamba ile sindano ya saa kumi na mbili hakuchomwa.