Shida ya KIA si Chumba cha Baridi

Limesemwa tena. Chumba cha baridi. Kila msimu kuna kikao cha wadau mahali fulani Arusha, kuna chai na sambusa, na kuna mtu anasimama kutangaza kwamba tukipata chumba cha baridi cha maana pale KIA, uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro, maua na mboga zetu zitaacha kupitia Nairobi. Makofi. Kesho yake lori la jokofu linatoka shambani Usa River, linaipa KIA mgongo, linapita Arusha, linavuka mpaka wa Namanga na kwenda kushusha JKIA, uwanja mkubwa wa ndege wa Nairobi.

Hebu tuhesabu. Kutoka Usa River hadi KIA hazifiki kilomita 30. Kutoka Usa River hadi JKIA ni karibu kilomita 300, na katikati kuna mpaka wa nchi mbili. Uwanja wenye njia ya kurukia ya mita 3,600 uko hapo jirani, na ua linasafirishwa mara kumi ya umbali huo kwenda kutafuta ndege. Mtu akikuambia hii inatokana na kukosa friji, muulize mashamba yanatumia nini. Yana vyumba vya baridi tayari. Lori lenyewe ni chumba cha baridi chenye magurudumu.

Kinachokosekana KIA ni ndege inayotoka pale na kwenda Ulaya moja kwa moja ikiwa na nafasi tumboni, yaani sakafu ya chini ya mizigo, kwa bei ambayo mkulima anaimudu. Mengine yote yanafuata hapo.

Kichekesho ni kwamba uwanja wenyewe ulijengwa kwa hoja hiyo hiyo. Ulipofunguliwa mwaka 1971 kwenye tambarare za Sanya, wazo lilikuwa mgeni wa Serengeti na Kilimanjaro ashukie kwetu, asianzie Nairobi. Kwa watalii, pamoja na kuchelewa kwingi, kazi hiyo imefanyika kwa kiasi chake. Mwaka 1998 ukakabidhiwa KADCO, kampuni ya kuuendesha, kwa mkataba wa miaka 25, baadaye Serikali ikanunua hisa za wabia, jengo la abiria likakarabatiwa hadi 2017 kwa mchango wa Uholanzi, na mwaka 2023 uwanja ukarudi mikononi mwa TAA, mamlaka ya viwanja vya ndege ya Serikali. Mabadiliko yote hayo ya wenye funguo, na ua bado linapanda lori.

Wapo wanaosema tatizo ni uwanja wenyewe, eti uko porini, haupo Arusha wala Moshi. Hao wanaota ndege kubwa zitue Kisongo, uwanja mdogo wa Arusha mjini. Boeing 767 ya shirika la Ethiopian ilishafanya hivyo Desemba 18, 2013, kwa makosa, ikapitiliza hadi kwenye majani, na ilibidi ipunguzwe uzito ndipo iruke tena siku kadhaa baadaye. Tuishie hapo.

Wengine, hasa wanaojifanya wataalamu, wanadai KIA haiwezi kuondosha ndege nzito ya kwenda Ulaya kama inavyoweza Nairobi. Hapa ndipo hasira inanipanda, maana ni hesabu ya dakika mbili. Kadiri uwanja unavyokuwa juu, hewa inakuwa nyepesi, bawa linashika kidogo na injini inasukuma kidogo, hivyo ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kunyanyuka. Kanuni ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ya kupangia viwanja inasema ongeza asilimia 7 ya urefu kwa kila mita 300 za mwinuko, kisha asilimia 1 kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi kiwango cha kawaida cha mwinuko huo. KIA iko mita 894 juu ya usawa wa bahari: nyongeza yake ni kama asilimia 21. JKIA iko mita 1,624: nyongeza ni kama asilimia 38. Sasa gawanya. Mita 3,600 za KIA zinakuwa sawa na takribani mita 2,980 za pwani. Mita 4,100 na kidogo za Nairobi zinakuwa takribani hizo hizo. Joto linabaki, ni kweli, na mchana wa Januari pale Sanya si mchezo, lakini ndege za Ulaya huondoka jioni na usiku. Kwa hiyo njia yetu ni sawa na yao. (Kisongo, kwa urefu wake wa 2013 wa mita 1,620 na mwinuko wa karibu mita 1,390, inabaki na kama mita 1,220 kwa kipimo hicho hicho. Wanaoota waamke.)

Basi ndege zenyewe ziko wapi? Ziko hapo hapo. Ndege pana ya abiria inatua KIA kutoka Ulaya, inashusha watalii na mabuti yao ya kupandia mlima. Ndege ya aina hiyo, hata ikijaa watu na mabegi, huwa na uwezo wa kubeba tani 10 hadi 15 za mzigo sakafu ya chini. Hiyo ni karibu sawa na lori moja la jokofu. Lile lile lililoenda Namanga.

Lakini tazama inapoelekea ikitoka KIA. Mzunguko uliozoeleka wa KLM, shirika la ndege la Uholanzi, ni Amsterdam, Kilimanjaro, Dar es Salaam, halafu Amsterdam. Yaani KIA ni kituo cha kushukia. Ua ukilipakia hapo, linakwenda kwanza pwani.

Kwa abiria hilo ni usumbufu wa saa mbili tatu. Kwa waridi ni msiba. Waridi likikatwa hupelekwa upesi kwenye nyuzi 2 hadi 4, na linatakiwa kubaki humo hadi mnada wa maua wa Aalsmeer, Uholanzi. Joto likipanda kwa nyuzi 10, ua linapumua mara mbili au tatu zaidi, linakula sukari yake lenyewe, na siku za kukaa kwenye chombo zinapungua kabla mnunuzi hajaliona. Halafu kuna lile ambalo wengi hawalifikirii. Ndege ikifika Dar, milango ya tumbo inafunguliwa ili mzigo wa Dar ushushwe. Hewa ya pwani, nyuzi 30 na unyevu wa kukamulika, inaingia na kugusa maboksi yaliyotoka kwenye baridi. Matone ya maji yanajitengeneza juu ya petali kama yanavyofanya nje ya chupa ya soda baridi. Ndani ya karatasi ya kufungia, maji hayo ni kitalu cha ukungu wa kijivu, kuvu inayoozesha ua. Ua linafika Uholanzi likiwa na madoa ya kahawia, linashushwa daraja au linatupwa, na mkulima anapokea ankara ya usafiri wa kitu kilichoishia kwenye jalala. Mjengee chumba cha baridi cha ghorofa tatu pale KIA. Kitasaidia nini kwenye maegesho ya ndege ya Dar?

Sasa geuza mzunguko. Amsterdam, Dar, kisha KIA, kisha Amsterdam. Hata kwa siku mbili tu za wiki. Mzigo wa KIA unaingia mwisho, milango inafungwa, na inayofuata kuifungua ni Ulaya. Mtalii aliyemaliza mlima naye anarudi kwao bila kupitishwa Dar. Njia ya kurukia inatosha, tumeshapiga hesabu.

Kwa nini basi haifanyiki hivyo? Mafuta.

Ndege inayoondoka KIA kwenda Dar inahitaji mafuta kidogo tu. Inayoondoka KIA kwenda Ulaya, saa karibu 9 hewani, inahitaji tangi la maana. Chukua ndege ya ukubwa wa 767: inaunguza karibu tani 5 kwa saa, kwa hiyo ni kama tani 45 za safari, bila akiba. Kwa lita ni zaidi ya 55,000. Lori la mafuta la barabarani hubeba lita 35,000 hadi 40,000. Maana yake ni lori moja na nusu kwa ndege moja, na kila lita imetoka bandarini kwa barabara, zaidi ya kilomita 500 kama ni kutoka Dar. Nairobi wana bomba kutoka Mombasa. Mafuta yao yanatiririka usiku kucha, ya kwetu yanapanga foleni kwenye mizani. Tofauti hiyo inaingia kwenye bei ya lita, na mpangaji wa ratiba wa shirika lolote anaiona kabla hajaona ua. Ndiyo maana anapendelea kujaza pwani. Na akilazimika kubeba mafuta ya ziada kutoka kwingine, basi kila tani ya mafuta ni tani ya maua iliyoachwa chini, na kubeba mafuta nako kunaunguza mafuta.

Hili hulisikii kwenye vikao. Tangi la kuhifadhia halipendezi kupigiwa picha ya uzinduzi. Utepe unakatwa mbele ya chumba cha baridi, haukatwi mbele ya ushuru uliopunguzwa kwenye lita ya mafuta ya ndege.

Ndege yetu ya mizigo je? Ipo, 767 ya Air Tanzania iliyofika Juni 2023, tani 54. Ni ndege nzuri. Ila Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka huko, na Juni 2025 ukayaweka mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Hilo ni suala la usalama na usimamizi, lina njia yake ya kurekebishwa. Mpaka lirekebishwe, msituhesabie hizo tani 54 kwenye hotuba za maua.

Na hata ingeruhusiwa, ndege ya mizigo tupu haiji kwa mapenzi. Inayotua Nairobi inafika imebeba simu, vipuri, dawa na nguo za soko kubwa, halafu inarudi na maua. Pande zote zinalipa. Ikija KIA itakuja na nini? Ikija tupu, mkulima wa Usa River ndiye analipia safari mbili. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni: Nairobi hawakutuibia mzigo. Waliweka bomba, wakakusanya ndege, wakashindanisha bei ya kilo. Na tangu kituo cha pamoja cha ukaguzi cha nchi mbili kianze kazi Namanga, mpaka si ule wa zamani.

Ila kumtegemea jirani kuna bei yake. Mei 2020 malori yalijipanga Namanga kusubiri vipimo vya korona vya madereva. Septemba 11, 2024 wafanyakazi wa JKIA waligoma na uwanja ukasimama. Na kila Februari, wiki mbili kabla ya Siku ya Wapendanao, bei ya kilo Nairobi inapaa na nafasi wanapewa kwanza wateja wakubwa wa palepale. Ua lililotoka ng'ambo ya mpaka linasubiri kwenye foleni. Mashamba kadhaa ya maua upande wetu yameshafungwa. Usafiri si sababu pekee, lakini haukuwasaidia.

Kosa lingine letu ni kutaka kuanza na waridi. Boksi la waridi ni kubwa, linachukua nafasi, na mashirika hutoza kwa ujazo pale ujazo unapozidi uzito: mita moja ya ujazo huhesabiwa kilo 167 hata kama boksi ni jepesi. Anza na vipandikizi vya krisanthemamu na mbegu za mboga, ambavyo vinazalishwa hapo hapo Arusha: boksi dogo, thamani kubwa. Fuatisha viungo vibichi na maharage machanga. Wakulima waungane, wanunue nafasi ya paleti (sinia kubwa za kupakilia mzigo wa ndege) mbili au tatu kila wiki kwa mkataba, wailipe hata wiki ambayo mvua imeharibu mavuno. Shirika la ndege halibadilishi mzunguko kwa ajili ya mzigo wa "tutaona". Parachichi acheni kulihesabu kabisa. Linasafiri kwa meli, kwenye kontena la baridi, na linafaa huko.

Karatasi za ukaguzi wa mimea ndiyo sehemu rahisi kuliko zote: mamlaka ya afya ya mimea makao yake ni Arusha hapo hapo. Mkaguzi anaweza kukaa KIA usiku ambao kuna ndege. Ardhi nayo ipo, zaidi ya hekta 11,000, ingawa mgogoro wake na vijiji unahitaji makala yake yenyewe na hasira yake yenyewe.

Kwa hiyo anayetaka kweli kufanya kitu, kazi ni tatu: bei ya lita pale KIA, mpangilio wa mzunguko, na mkataba wa paleti. Chumba cha baridi kije cha nne. Na aangalie kalenda. Ratiba ya ndege ya majira ya baridi ya Ulaya huanza Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na mashirika huanza kuipanga miezi mingi kabla. Ua la Februari linatafutiwa ndege Mei. Wadau wetu wamezoea kukutana Novemba.